Siku jino lilipoacha kuuma

Siku jino langu lilipoacha kuuma nilimshukuru Mungu kwa sauti. Lilikuwa gego la chini upande wa kushoto, la tatu ukihesabu kutoka mwisho, na lilikuwa limeninyima usingizi kwa siku nne. Usiku wa tano nilijilaza huku nimeshika shavu, nikisubiri lianze kupwita. Halikupwita. Nikaamka, nikapiga funda la maji baridi kulijaribu, nikalizungusha upande uleule. Kimya. Asubuhi nikampigia simu daktari wa meno aliyekuwa amenipangia siku, nikamwambia nimepona, asante sana.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Njoo hata hivyo."

Sikwenda. Nilikuwa mtu wa kupima mambo ya kinywa kwa maumivu. Likiuma, ninaumwa, likinyamaza, mimi mzima. Ilinigharimu jino moja, mfupa kidogo wa taya na usiku mwingi wa kukaa kitandani kama mlinzi, kujua kwamba maumivu ya jino huchelewa kuja, huondoka mapema, na mara nyingine hayaji kabisa.

Tundu lenyewe lilianza kama nukta nyeusi kwenye mfereji wa juu wa gego. Niliiona kwenye kioo nikapitisha kucha, haikutoka. Kila mtu niliyemwonyesha alisema, "Hilo limeingiwa na mdudu." Nilikua nikiamini kuna mnyoo halisi mle ndani, mwenye kichwa na mkia, na sikuwa peke yangu: watu wa kale katika nchi nyingi waliamini hivyohivyo, na bado mwaka 1728 daktari Mfaransa Pierre Fauchard alilazimika kuandika kwamba katika uchunguzi wake hajamwona mnyoo huyo. Wadudu wapo, ila ni bakteria wasioonekana kwa macho, na hawali jino. Wanakula sukari inayobaki kinywani, wanatoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha jino.

Miaka ile nilijiona sipendi vitu vitamu. Baadaye daktari aliponihoji hakuniuliza natumia sukari kiasi gani. Aliuliza, "Mara ngapi?" Nikamweleza kwamba kazini huwa nina kikombe kimoja tu cha kinywaji chenye sukari, kimoja, nakinywa polepole tangu saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana. Nilidhani atanisifu. Akaweka kalamu chini.

"Bora ungekimaliza kwa dakika tano," alisema.

Kila funda, alinieleza, huwapa bakteria chakula, na utando ulioganda juu ya meno unageuka kuwa wa asidi ndani ya dakika chache. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli, lile gamba gumu la nje, linaanza kupoteza madini yake. Mate ndiyo yanayorudisha hali na kurejesha madini, lakini yanahitaji nusu saa au zaidi bila kusumbuliwa. Mimi nilikuwa napiga funda kila baada ya dakika kumi. Kwa saa tatu nzima, siku tano kwa wiki, mate yangu hayakupata nafasi ya kufanya kazi yao. Mtu anayekula keki nzima mara moja akamaliza alikuwa anayatendea meno yake wema kuliko mimi na kikombe changu cha mtu mwenye kiasi.

Enameli haina mshipa wa fahamu, ndiyo maana ile nukta nyeusi ilikaa mwaka na zaidi bila kunisumbua. Chini yake kuna dentini, na hiyo ina vijitundu vidogo sana vinavyoelekea kwenye kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa ya damu na fahamu. Uozo ukifika hapo, ndipo baridi na utamu vinapoanza kuchoma. Kwangu ilikuwa hivyo: maji baridi, chwaa! kisha maumivu yanaisha kabla sijamaliza kukunja uso. Laiti ningekwenda wiki ile. Lilikuwa jino la kuzibwa tu: sindano ya ganzi, uozo unachimbwa, tundu linajazwa kwa amalgamu, ule mchanganyiko wa metali wa rangi ya fedha, au kwa ujazo mweupe unaogandishwa kwa taa ya bluu. Nimezibwa mengine mawili tangu hapo, na muda mrefu zaidi ulikuwa wa kusubiri mdomo ufe ganzi.

Badala yake nikahamia kutafunia upande wa kulia. Nadhani wengi mnaujua uhamiaji huo.

Maumivu yalipobadilika, sikujua kwamba kubadilika kwenyewe kulikuwa na maana. Baridi ikawa haiishi. Dakika tano baada ya kumeza bado jino linavuta. Kisha likaanza kuchukia vitu vya moto, jambo ambalo halikuwapo mwanzo. Kisha likaanza kuniamsha saa nane za usiku bila kuguswa na chochote. Hizo ndizo dalili ambazo daktari wa meno huziulizia kwanza: je, yanaondoka haraka au yanabaki? Yanakuja yenyewe? Yakibaki na kuja yenyewe, kiini kimevimba, na kwa kawaida hakirudi nyuma. Kidole kikivimba kina pa kutanukia. Kiini kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, kwa hiyo shinikizo lote linaishia kwenye mishipa. Ukilala chali damu nyingi zaidi inaelekea kichwani, nalo shinikizo linapanda. Kuketi na mito mitatu kulinipunguzia kidogo. Sikujua kwa nini, nilifikiri ni baraka tu.

Katika zile siku nne nilifanya upuuzi wa kila aina. Ulionitia aibu zaidi ni kidonge cha aspirini: nilikisaga nikakibana kati ya shavu na ufizi, nikiamini kitafika haraka kuliko nikikimeza. Asubuhi nilikuta ngozi ya ndani ya shavu imekuwa nyeupe, inachubuka kama rangi ya ukuta. Aspirini ni asidi. Ilikuwa imeniunguza, na jino lilikuwa palepale. Nikameza pia viuavijasumu vilivyobaki nyumbani kutoka ugonjwa wa mtu mwingine, vidonge sita hivi. Kumbe kiini kinachokufa hakipitishi damu vizuri, na dawa husafiri kwa damu. Hata ningemeza boksi zima, chanzo kingebaki mle ndani.

Usiku wa tano ndipo kiini kilipokufa. Ule ukimya nilioushukuru ulikuwa wa msiba.

Miezi saba nililitafunia jino hilo. Nilikuwa nikijisifu. Kisha siku moja nikahisi kama limekuwa refu kuliko wenzake, nikifunga mdomo linagusa kwanza. Kesho yake shavu lilikuwa limejaa, ngozi inang'aa, na jicho la upande huo limekuwa dogo. Usaha ulikuwa umeshuka hadi ncha ya mzizi na kula mfupa kwa miezi yote ile, bila kelele.

Jambo la kwanza daktari aliloangalia halikuwa jino. Alinibonyeza chini ya taya na shingoni, akaniambia nimeze mate, nitoe ulimi, nifungue mdomo kadiri ninavyoweza. Baadaye nikamwuliza sababu. Uvimbe wa jino unaoteremka chini ya ulimi na shingoni unaweza kuziba njia ya hewa. Mtu mwenye uvimbe wa namna hiyo, aliyeanza kushindwa kumeza au kupumua vizuri, au ambaye mdomo haufunguki na ana homa, hapaswi kungoja zamu kwa daktari wa meno. Anakimbizwa hospitali saa hiyohiyo. Nilibahatika, wangu ulikuwa umekaa shavuni.

"Ling'oe tu, daktari," nilimwomba. "Dawa ya jino bovu ni kung'oa."

"Hiyo ni methali, si matibabu," akasema, mikono tayari kwenye glavu. "Nikiling'oa leo utanirudia kwa ajili ya la juu yake. Jino lisilo na la kugongana nalo hushuka. Na huyu jirani wa nyuma atainama kuelekea pengo."

Ganzi ya kwanza haikushika vizuri. Nyama yenye usaha ina asidi, na ganzi hudhoofika humo. Ilibidi achome mbali zaidi, nyuma kabisa ya taya, mpaka nusu ya mdomo na ulimi vikawa si vyangu. Moyo ukanienda mbio. Kumbe katika ganzi ya meno mara nyingi huchanganywa adrenalini ili ikae muda mrefu. Mapigo yakatulia baada ya dakika chache. Siku hiyo alitoboa jino kutoka juu, usaha ukapata njia, na harufu iliyotoka pale nisingependa kuisimulia. Nafuu ilikuja kabla sijainuka kitini.

Ziara mbili zilizofuata zilikuwa za kutibu mzizi, yaani kusafisha na kujaza mahali kiini kilipokuwa. Watu walikuwa wamenitisha sana. Ukweli ni kwamba yale niliyojifanyia mwenyewe nyumbani yaliniuma kuliko chochote nilichofanyiwa pale. Kilichonichosha ni kukaa mdomo wazi. Alinivisha kipande cha mpira kilichoacha jino moja tu limechomoza, kama kisiwa. Kisha akaingiza visindano vyembamba kuliko vya kushonea, kimoja baada ya kingine, akikisokota kwa vidole viwili huku kimashine kikilia tii, tii, tii, kwa haraka zaidi kadiri alivyokaribia ncha ya mzizi. Kila alipokitoa alikifuta kwenye sifongo, akaosha mfereji wa ndani ya mzizi kwa dawa yenye harufu ileile ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Gego langu lilikuwa na mifereji mitatu. Mwishoni alinionyesha picha ya eksirei: mistari mitatu myeupe imeshuka ndani ya mizizi hadi karibu na ncha, imejazwa mpira maalumu, na pembeni doa jeusi mahali mfupa ulipokuwa umeliwa. Doa hilo, alisema, lingejazwa na mfupa mpya taratibu. Mwaka mmoja unaweza kupita.

"Sasa rudi ndani ya wiki chache tuliwekee kofia. Jino hili limebaki kuta tupu."

Najua mnachokisubiri. Sikurudi. Lilikuwa haliumi.

Mwezi wa kumi tangu siku hiyo nikauma kitu kigumu, nikasikia sauti kavu ndani ya kichwa, kacha! Hakukuwa na maumivu yoyote, maana hakukuwa na kiini cha kuuma. Nilipogusa kwa ulimi, nusu ya gego ilicheza upande mmoja na nusu nyingine upande wake. Ufa ulikuwa umeshuka hadi mzizini. Gego lililotibiwa mzizi limepoteza kuta zake za ndani, na kofia ndiyo inayolishika lisipasuke kwa nguvu ya kutafuna. Kazi yote ya wiki zile, na mistari yangu mitatu mieupe, ikaishia kwenye kitrei cha chuma. Methali ikapata haki yake.

Kung'olewa kwenyewe hakukuuma; ni kusukumwa tu, na milio ambayo mtu hapendi kuisikia kutoka kichwani mwake. Nikapewa pamba ya kuuma nusu saa na maagizo mafupi: saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute kinywaji kwa mrija, usivute sigara. Niliyasikia kama mtu anavyosikia maelezo ya mkanda wa ndege. Usiku ladha ya damu ilinichafua roho, nikasukutua kwa nguvu mara nne.

Siku ya kwanza na ya pili hali ilikuwa nzuri. Ya tatu, maumivu yakapanda. Hii ndiyo alama ninayomwambia kila anayetoka kung'oa jino: baada ya siku mbili maumivu yanapaswa kushuka, yakipanda kuna jambo. Kwangu yalifika hadi sikioni, na mdomo ukawa na ladha ya uozo. Lile bonge la damu linaloziba shimo, ambalo ndilo bandeji ya mfupa, nilikuwa nimelisukutua nikalitema. Mfupa ulikuwa wazi. Daktari aliusafisha, akapachika kijitambaa chenye dawa iliyonukia mafuta ya karafuu, na ndani ya muda mfupi nikaweza kufungua macho yote mawili. Kwa mara ya kwanza alionekana kunionea huruma kuliko kunishangaa.

Na ilikuwa akinibadilishia kijitambaa hicho ndipo alipotazama fizi zangu.

Zilikuwa zinatoka damu kila nikipiga mswaki, miaka nenda rudi. Nilichukulia kuwa ni maumbile yangu, nikawa naziruka sehemu zinazotoka damu, nisiziumize. Alichukua kijiti cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakitumbukiza kati ya jino na ufizi na kumtajia muuguzi namba: mbili, tatu, tatu, tano, sita, tano. Nikiwa na mdomo wazi nilidhani namba kubwa ni nzuri, kama za mtihani. Ufizi wenye afya una kina cha milimita 1 hadi 3. Sita ilimaanisha ufizi umeachana na jino na mfupa chini yake umeanza kuondoka. Mfupa huo, tofauti na ule wa ncha ya mzizi, haurudi wenyewe.

"Na haziumi," nilimwambia, kwa mazoea.

"Ndiyo," akajibu. "Haziumi."

Ukoga uliogeuka jiwe hautoki kwa mswaki hata ukisugua hadi jioni. Unabanduliwa kwa vifaa. Nilisafishwa kwa ziara mbili, chini ya ufizi, kwa ganzi. Baadaye meno yalionekana kuwa na mianya, na ulimi ulikuta pembe ambazo haukuzijua. Hapo ndipo uvumi wa kwamba kusafishwa kunalegeza meno unapozaliwa. Mianya ile ilikuwepo siku zote, ukoga ndio ulikuwa umeijaza, na jino linalocheza baada ya kusafishwa lilikuwa limekwisha kupoteza mfupa zamani. Aliniuliza pia kama navuta sigara na kama nimepimwa kisukari, maana yote mawili huharakisha ugonjwa wa fizi, na fizi mbovu nazo hufanya sukari ya damu iwe ngumu kudhibitiwa. Niliyemwona daktari wa meno nikatoka na agizo la kupima damu.

Wiki iliyofuata likaja jambo la kinyume kabisa. Meno ya mbele ya chini yakawa yanakufa ganzi kwa maji na hata kwa upepo. Nikaamini nimetoboka sita kwa mpigo. Hapana, mizizi iliyokuwa imefunikwa na ukoga ilikuwa sasa wazi, na mzizi hauna enameli. Mswaki laini na dawa ya meno ya watu wenye ganzi, iliyopakwa asubuhi na usiku kwa wiki chache, ilitosha. Kiswahili kinanichekesha hapa: ganzi ni ile inayokufanya uruke kwa tone la maji baridi, na ganzi ni ile anayokuchoma daktari usihisi hata akikutoboa.

Kuhusu mswaki sina mengi. Mara mbili kwa siku, dakika mbili, dawa yenye floraidi, ncha za mswaki zikielekea kwenye ufizi na si kuuruka. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki. Hili la mwisho lilinichukua mwezi kulizoea. Uzi wa kati ya meno ulitoa damu siku za mwanzo, kisha ukaacha.

Jino nililolipoteza, daktari aliniambia, ndilo lililokuwa miongoni mwa yale ya kwanza kuota katika meno yangu ya kudumu. Huota karibu na miaka sita, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha. Kwa hiyo wazazi wengi hudhani nalo ni la utoto na litabadilishwa. Jioni hiyohiyo nilimwita mwanangu aliyekuwa na miaka saba, nikamulika kwa tochi ya simu. Yalikuwapo yote manne, mapya, yenye mifereji mirefu juu. Wiki iliyofuata alipakwa utomvu wa kuziba mifereji hiyo, bila sindano, bila kuchimbwa. Alilalamikia ladha tu.

Pengo langu bado lipo. Kuna meno ya kuvua na kuvaa, kuna daraja linaloshikwa na majirani wawili baada ya kuchongwa, kuna skrubu ya titani inayopandikizwa ndani ya taya na kungojwa miezi mfupa uishike. Nimechagua hii ya mwisho, ila daktari hapandiki chochote mpaka fizi zishuke namba. Juzi, fizi za nyuma zilisoma nne na tatu.

Mwezi uliopita alinipiga picha za kawaida. Kati ya magego mawili ya juu kulia palikuwa na kivuli kidogo cha kijivu ndani ya enameli. Akaligonga kila moja kwa mpini wa kioo.

"Linauma?"

"Hapana," nikasema, na mara nikashika mkono wa kiti.

Akacheka. Kivuli hakijafika kwenye dentini, kwa hiyo hakuchimba. Alipaka vanishi ya floraidi, akaniuliza habari za kikombe, akaandika miezi sita. Niliiweka tarehe hiyo kwenye simu kabla sijashuka kitini, nikamwonyesha skrini ili aone.